Mutoto hana kinywa?



Wazazi wakiachana mu muji wetu, familia mbili zinaketi, viti vinapangwa, na mabishano yanaanza: watoto watabaki na nani? Baba anasema: « Miye njo nilitoshaka mali, batoto ni bangu. » Mujomba wao anajibu: « Kwetu mutoto ni wa mukowa ya mama. Mali haiwezi kununua damu. » Wanabishana mpaka usiku. Na kijana wa miaka 15, ambaye ni yeye wanamugombania, amekaa inje peke yake. Mutu akiomba aitwe, wazee wanakasirika: « Batoto habasemake mu mambo ya bakubwa. Ile ni mila ya bazungu! »

Maneno hayo mimi nayakataa.

Kwanza, ni mila ya nani? Tangu 1910 muji huu umejengwa na watu wa kila upande. Wabemba na Walamba wanahesabu ukoo kwa mama. Waluba wanauhesabu kwa baba. Walipooana mu makambi ya Union Minière na kule Kamalondo, mila mbili ziliingia mu nyumba moja, kila moja na haki yake. Basi muzee akisema « mila yetu », inafaa tumuulize: gani? Mutoto wa ndoa kama hiyo ni wa pande zote mbili, na ni yeye peke yake hatumuulize kitu.

Pili, mali. Mali inaunganisha familia na kuheshimu wazazi wa bibi. Si bei ya mutoto. Baba anayesema « ni wangu, nililipa », anamuhesabu mutoto pamoja na mbuzi. Lakini mujomba naye asicheke: kumushika mutoto kwa jina la mukowa, na kisha kukosa kumulipia masomo, ni kosa lile lile.

Tatu, wazee wetu hawakuwa vipofu. Nani kati yetu hajaona mutoto aliyekimbilia kwa kambo mara mbili, mara tatu? Kambo hakuita mukutano. Alimupa chakula, akamuuliza polepole, kisha akaenda kusema na wazazi. Ile njo kumusikiliza mutoto. Hatukuingoja kutoka Ulaya.

Na sheria ya inchi inasema vilevile. Mu 1990 inchi yetu ilikubali Mapatano ya Haki za Mutoto. Sheria nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inasema kwamba mutoto mwenye kupambanua mambo ana haki ya kutoa mawazo yake juu ya kila jambo linalomuhusu, na mawazo hayo yaangaliwe kufuatana na umri na ukomavu wake. Juji akimuuliza, hamupi zawadi. Anatimiza sheria.

Wengine watasema: « Atachagua mwenye kumupa telefone. » Inawezekana. Kwa sababu hiyo sisemi kijana akate maneno. Kumuuliza mbele ya wote « unapenda nani, baba ao mama? » ni ukatili, jibu lolote linamuumiza mumoja wa wazazi, naye atalibeba maisha yote. Na muzazi anayemufundisha mutoto maneno ya kusema ku tribinali, anamufanya mushahidi wa vita isiyo yake.

Aulizwe peke yake, na mutu anayemuamini: Masomo iko mbali? Wadogo zako watabaki na nani? Kuko mutu anakupiga? Unalala vizuri? Majibu hayo hakuna muzee ao juji anayeweza kuyajua bila yeye. Kisha wakubwa wakate maneno, na wamuelezee kwa nini.

Basi, wazee na wazazi wa commune yetu, siku ingine mukiketi kwa mambo ya namna hii, mumutume kwanza kambo ao shangazi akaongee na kijana. Maneno yake yasikiwe mbele ya hesabu ya mali.