Pikipiki inayovuja shokamzoba isibebe mtu

Simama dakika kumi pale Mazeras, bodaboda zinapoiacha barabara kuu ya Mombasa–Nairobi na kupanda kuelekea Rabai. Usitazame taa wala rangi. Tazama foki, yale mabomba mawili yanayoshika gurudumu la mbele. Hutakawia kuona moja iliyovaa pete nyeusi ya vumbi na oili, na chini yake michirizi inayoteremka hadi kwenye ekseli. Pikipiki hiyo inavuja shokamzoba, na nyuma ya mwendeshaji amekaa mama na mtoto mgongoni.

Maoni yetu ni kwamba pikipiki ya namna hiyo haifai kubeba abiria mpaka itengenezwe. Tena gharama ya kuitengeneza isiachiwe kijana anayeiendesha peke yake.

Wengi hudhani kazi ya shokamzoba ni kumpa abiria starehe. Hiyo ni sehemu ndogo tu ya kazi yake. Springi hubeba uzito na kuusukuma juu tena. Oili iliyo ndani hulazimishwa kupita kwenye vitundu vidogo, na katika kupita huko huipunguza nguvu ile ya springi na kuigeuza joto. Oili ikiisha, springi hubaki kurukaruka. Kila tairi linaporuka linaachana na ardhi, na tairi lisilogusa ardhi halishiki breki wala halikati kona.

Sasa fikiria vilima vyetu. Ukishuka kutoka Kambe au Ribe na mzigo, ukabana breki ya mbele, uzito mwingi hukimbilia mbele na foki hudidimia. Foki nzima huupokea uzito huo polepole na gurudumu likaendelea kuing'ang'ania njia. Foki kavu hudidimia ghafla hadi mwisho, chuma kikagonga chuma, kisha hurushwa juu. Usukani hutikisika mkononi wakati ule ule ambao mwendeshaji anauhitaji utulie. Na kama pikipiki ina breki ya diski, oili inayochuruzika inaweza kufika kwenye diski na pedi, na breki iliyolowa oili huteleza tu. Hapo kosa moja limezaa la pili.

Uchakavu huu hauanzi kwa kishindo. Huanza na vumbi la changarawe na tope linalokaukia kwenye bomba la ndani, lile linalong'aa. Foki ikididimia, punje zile huingia chini ya mdomo wa sili, yaani ule mpira unaozuia oili isitoke, na kuukwaruza kidogo kidogo. Mvua za mwaka zikija, maji huingia pale kokoto ilipobandua kromu, kutu ikaota, na kutu ile ikawa msasa unaoula mpira kila shimo na kila tuta. Mwendeshaji haoni mabadiliko ya siku moja. Mkono wake unazoea, na siku oili inapokwisha yeye anaona pikipiki ni ile ile ya jana.

Ndiyo maana tunasema ukaguzi usingoje hisia. Njia ya kupima ni rahisi na haina malipo. Bana breki ya mbele, kandamiza usukani kwa nguvu, kisha uachie. Foki nzima hupanda mara moja na kutulia. Ikiendelea kucheza juu na chini, oili imepungua au imechoka. Pitisha kitambaa cheupe kwenye bomba la ndani. Kikitoka na oili, sili imeanza kushindwa. Tazama tairi pia: likiwa na mabonde mabonde badala ya kulika sawasawa, kuna uwezekano mkubwa lilikuwa likirukaruka.

Si kila uvujaji unahitaji spea mpya. Mara nyingine ni punje za mchanga tu zimenasa chini ya sili. Fundi mzuri huupandisha mpira wa vumbi, akachukua kipande chembamba cha chupa ya plastiki kilichokatwa ncha kama ndoana, akakizungusha taratibu chini ya mdomo wa sili na kuutoa mchanga ule, kisha akafuta na kupima tena. Ikikauka, kazi imekwisha. Ikivuja tena, sili zibadilishwe, na zibadilishwe zote mbili, kwa kuwa zimekula vumbi moja kwa muda mmoja.

Hapa tuna neno na mafundi wetu, na tunalisema kwa heshima kwa sababu bila wao Rabai haisogei. Kuingiza sili mpya kwenye bomba lenye vishimo vya kutu ni kumchukulia mtu pesa zake bure. Sili hiyo haitakaa. Bomba likaguliwe kwa ukucha kabla ya kufunga. Mikwaruzo midogo husuguliwa kwa msasa laini kabisa, lakini bomba lililoliwa au lililopinda libadilishwe. Na kujaza foki kwa oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini ni kosa linalopaswa kukoma. Oili ile ina masizi na vumbi la chuma, na uzito wake haukupimwa kwa vitundu vile. Foki ina oili yake, na aina na kipimo cha kila mguu vimeandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Mguu mmoja ukipewa oili nyingi na mwingine kidogo, foki haitafanya kazi kama mwenye kuiunda alivyokusudia.

Shokamzoba za nyuma zina habari yake. Kwenye pikipiki nyingi za bodaboda hazikuundwa ili zifunguliwe. Zikifa, hubadilishwa, tena kwa jozi. Nyuma ndiko mzigo unakokaa, na hapa lazima tuseme ukweli wa kila siku. Madumu manne ya lita 20 yakijaa maji ni kilo 80, mbali na madumu yenyewe na mwendeshaji. Ongeza magunia ya nazi, au abiria wawili waliopangwa mishikaki ingawa sheria inaruhusu mmoja tu, na shokamzoba hushinda siku nzima zimekandamizwa. Kukaza springi kwa spana hadi ngazi ya mwisho huinua mkia wa pikipiki, lakini hakuongezi uwezo wake wa kubeba.

Kwa kulinganisha, kuna watu katika nchi nyingi wanaoshindanisha magari madogo ya kuendeshwa kwa rimoti kwenye viwanja vya vumbi na matuta. Moja la magari hayo lina uzito wa kilo 3 hivi, na hakuna mtu ndani yake. Hata hivyo wenyewe, baada ya mbio chache tu, huzifungua shokamzoba zote nne, wakamwaga oili iliyochafuka, wakakagua kijiti cha pistoni kama kina mkwaruzo, wakabadilisha vipete vya mpira na kuvitoa viputo vya hewa kabla ya kufunga. Oili huchaguliwa kwa namba, nyepesi au nzito, kulingana na uwanja. Mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953, nayo yameifundisha nchi hii jambo hilo hilo: gari likifika kituo cha mafundi, shokamzoba ni miongoni mwa vitu vinavyotazamwa mapema, na zilizokufa hutolewa bila mjadala. Pikipiki ya Rabai ina zaidi ya kilo 100, inabeba watu kila siku ya mwaka, na inaweza kukaa hadi iuzwe bila foki zake kufunguliwa hata mara moja. Hilo halikubaliki.

Tujiulize kwa nini. Si ujinga wa waendeshaji. Wengi wao wanaijua pikipiki kuliko wanavyodhaniwa. Tatizo ni pesa na mgawanyo wake. Kijana anayeendesha pikipiki ya mtu humpelekea mwenyewe hesabu kila jioni, kuwe na abiria au kusiwe. Anayelipia mkopo naye ana tarehe yake. Siku ya kulaza pikipiki gereji ni siku isiyo na hesabu, na mwenye pikipiki akiambiwa foki inavuja hujibu kwamba maadamu injini inawaka, kazi iendelee. Injini ikifa yeye hupoteza mapato, kwa hiyo huitengeneza upesi. Shokamzoba ikifa, wanaoumia ni mwendeshaji na abiria.

Huu ndio mzizi, na hapa ndipo tunapotaka mabadiliko. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, katika kifungu cha 55 inakataza chombo kuwa barabarani kikiwa katika hali ya kuhatarisha watu. Haisemi injini peke yake. Mwenye pikipiki anayepokea hesabu ya kila siku anapokea pia wajibu wa kukiweka chombo chake katika hali salama. Makubaliano kati yake na mwendeshaji yaseme wazi kwamba sili, oili ya foki na shokamzoba za nyuma ni juu ya mwenye chombo, na kwamba siku ya kutengeneza haidaiwi hesabu. Sili ni spea ya bei nafuu kuliko tairi. Anayeshindwa kuinunua asiweke pikipiki kazini.

Vyama vya bodaboda vinaweza kulisimamia hili kuliko askari wa trafiki. Kila steji ina mwenyekiti, na mwenyekiti anazijua pikipiki zake moja moja. Akisema inayovuja haipangi foleni leo, haitapanga. Tunapendekeza vyama vitenge sehemu ya michango yao iwe ya kukopeshana spea, ili kijana asilazimike kuchagua kati ya sili na unga wa watoto wake. Vyuo vya ufundi vya kaunti navyo vifundishe kazi ya foki kwa vitendo, mwanafunzi aifungue na kuifunga mwenyewe, maana mafundi wengi wamejifunza chini ya mwembe kwa kutazama tu, na kosa la mwalimu likarithiwa na mwanafunzi.

Wala hatutaisamehe barabara. Shokamzoba hufa mapema kwa sababu njia za Ruruma, Mwawesa na Kambe/Ribe zina makorongo yanayochimbwa na kila mvua, na matuta yaliyorundikwa bila rangi wala kibao. Kila lita ya petroli inayotiwa kwenye pikipiki inalipa ushuru wa kudumisha barabara, ushuru uliopanda kutoka Sh18 hadi Sh25 mnamo Julai 2024. Mwendeshaji wa Rabai anaulipa sawa na mwenye gari la kifahari Nairobi. Serikali za kaunti na wabunge wamevutana kuhusu nani azishike fedha hizo. Mwendeshaji hahitaji kujua nani ameshinda. Anahitaji greda lipite kabla ya mvua za mwaka, na mitaro izibuliwe ili maji yasitembee katikati ya njia. Wawakilishi wa wadi zetu nne waje na ratiba, waitundike kwenye ofisi za wadi, tuisome.

Abiria nao wana nguvu ambayo hawaitumii. Mama anayekwenda kliniki, mwanafunzi, mzee anayetoka sokoni, kila mmoja ana haki ya kuinama, kutazama foki na kusema, "Mwanangu, hii inavuja, nitapanda nyingine." Si matusi, wala si kumnyima kijana riziki. Pikipiki mbili zikikataliwa asubuhi moja kwenye steji, ya tatu itapelekwa kwa fundi kabla haijaulizwa.

Kwa waendeshaji wetu tuna ombi moja. Kesho alfajiri, kabla ya abiria wa kwanza, chukua kitambaa cheupe, ufute mabomba ya foki, ubane breki na kukandamiza usukani. Kitambaa kikitoka na oili, safari ya kwanza iwe ya kwenda kwa fundi, na umpigie mwenye pikipiki simu umwambie uko gereji.