Pepa la Biolojia Limekaza: Wito kwa Wakubwa wa Mtaa

Ukipita karibu na sekondari yoyote ya kata mwezi Novemba, siku ambayo kidato cha nne wametoka kufanya Biolojia, utawakuta wamejazana kivulini, kalamu bado mikononi. Anayepita na bodaboda atadhani wanagombana. "Ile ya selimundu umeweka ngapi?" "Robo." "Robo ya nini? Mimi nimeandika mtoto mmoja kati ya wanne." "Basi umekosa!" Pembeni yupo mmoja aliyekwisha kunyamaza. Anahesabu kwa vidole alama alizopoteza, na kwa hesabu yake tayari ameshafeli.

Ndugu msomaji, nawaombea vijana hao jambo moja tu: wakitoka kwenye pepa gumu, wapate mtu mzima wa kukaa nao. Akae nusu saa, kitabu kikiwa wazi, kisha awaambie basi, imetosha, twendeni tukale.

Biolojia si somo la wachache. Kwa miaka mingi limekuwa la lazima kwa kila mwanafunzi wa sekondari. Hata aliyeagana na Fizikia na Kemia alipoingia kidato cha tatu, Biolojia amebaki nayo hadi siku ya mwisho. Katika miaka hii ya karibuni watahiniwa wa kidato cha nne wamekuwa zaidi ya laki tano kila mwaka, na kwa anayetaka uuguzi, utabibu au famasi, somo hili ndilo lango. Pepa likikaza, linakaza kwa mtaa mzima. Hukosi nyumba ya jirani yenye mtoto, mpwa au mpangaji aliyekuwa kwenye chumba cha mtihani.

Walimu wengi hupiga marufuku mazungumzo hayo. Pepa lililopita limepita, husema, someni linalokuja. Naielewa hofu yao. Kesho au kesho kutwa kuna somo jingine, na mtoto aliyevunjika moyo leo ataingia kesho akiwa hana nguvu. Lakini marufuku hiyo sijaona ikishika popote. Wakifukuzwa kivulini watajadiliana kituo cha daladala, watajadiliana bwenini taa zikishazimwa, na huko hakuna kitabu wala mwalimu. Aliyejiamini kwa sauti kubwa ndiye anayeonekana kuwa sahihi, na wenzake wanalishwa matango pori usiku kucha. Mwalimu aliyelalamika miaka minne kwamba watoto wake hawaulizi maswali, leo amepata darasa zima linalouliza lenyewe, kwa hamu, bila kushurutishwa. Halafu analitawanya!

Chukua hilo swali la selimundu, ugonjwa wa damu unaorithiwa. Baba na mama, kila mmoja ana kinasaba kimoja cha selimundu na kimoja kizima, wenyewe hawaugui. Kila mimba wanayoipata ina uwezekano wa robo kwamba mtoto atarithi vinasaba vyote viwili vyenye hitilafu na kuugua, nusu kwamba atakuwa mbebaji kama wazazi wake, na robo kwamba hatakuwa na hitilafu hiyo kabisa. Kwa hiyo yule wa "robo" na yule wa "mmoja kati ya wanne" huenda wameandika kitu kilekile, na ugomvi wao ni wa bure. Ila ndani ya jibu la pili panaweza kujificha kosa lenye madhara makubwa kuliko alama mbili. Wapo watu wanaoamini kwamba mzazi akishapata mtoto mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata wamesalimika. Sivyo. Kila mimba huanza hesabu upya, na waliokwisha kuzaliwa hawaibadilishi.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu. Katika darasa la watoto hamsini si ajabu kumkuta ambaye nyumbani kwao yupo mdogo wake anayelia usiku kwa maumivu ya mifupa, na majirani wakinong'ona kwamba amerogwa. Mtoto huyo anapouliza "robo ya nini?" anauliza habari za kwao. Angekuwapo pale muuguzi wa zahanati ya kata, dakika kumi tu, angewaambia pia kwamba mtu anaweza kupima damu hospitali na kujua hali yake kabla hajaoa au kuolewa. Kwa nini tusimwalike? Zahanati nyingi ziko umbali wa kutembea kutoka shuleni, na muuguzi mwenyewe aliwahi kukaa kwenye mtihani huohuo.

Halafu kuna pepa la vitendo, ambalo ndilo hasa linalowaliza. Binamu wawili wanakutana jioni, kila mmoja na shule yake. Mmoja anasema sampuli yao ilikuwa na wanga na protini. Mwenzake anaganda, maana yeye wanga hakuuona kabisa. Iodini yake haikugeuka bluu nyeusi hata kidogo. Halali usiku huo. Hakuna aliyewaambia kwamba Baraza la Mitihani hutunga mtihani wa vitendo kwa matoleo zaidi ya moja, 2A, 2B na kuendelea, na kwamba shule mbili jirani zinaweza kuwa zimefanya mitihani miwili tofauti. Kabla ya kulinganisha chochote, vijana wangu, ulizaneni kwanza mlifanya toleo gani. Ni jambo dogo, lakini machozi mengi yangeishia hapo.

Mwingine anateseka kwa sababu dawa ya Benedict ilibaki bluu. Huenda alisahau kuchemsha, na bila moto rangi haiwezi kupita kijani na njano hadi kufikia wekundu wa tofali. Huenda alipewa sukari ya mezani, hii tunayotia kwenye chai, ambayo Benedict haiioni mpaka ichemshwe kwanza na asidi hafifu, kisha asidi ikatulizwa kwa sodiamu baikabonati, ndipo dawa iwekwe na kuchemshwa tena. Na huenda sampuli yake haikuwa na sukari yoyote. Hapo bluu ndiyo jibu lenyewe, naye ameandika sawasawa, analia kwa kupata.

Na hapa nina neno na wazazi wenzangu. Miaka ya 2014 na 2015, kufuatia agizo la Rais Jakaya Kikwete kwamba kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, za Fizikia, Kemia na Biolojia, michango ilipita nyumba kwa nyumba. Waliotoa fedha walitoa, wengine wakabeba mchanga na tofali, wengine wakanung'unika (siwalaumu, hali ilikuwa ngumu). Vyumba vile ni vyetu. Lakini ni wazazi wangapi wamewahi kuingia ndani wakaona kama kuna moto wa kuchemshia hiyo Benedict? Ni wangapi wanajua kama mtoto wao alishika testi tyubu kwa mara ya kwanza kidato cha pili, au siku ya mtihani wenyewe huku mkono ukitetemeka? Kikao kijacho cha wazazi, badala ya kumaliza saa mbili tukibishana juu ya chakula cha mchana pekee, mmoja wetu asimame amwulize mkuu wa shule, kwa heshima: kidato cha tatu wamefanya majaribio mangapi kwa mikono yao mwaka huu? Akisema dawa zimekwisha, tuulize bei. Iodini na mrija wa kioo si vitu vya kushinda kata nzima.

Yule anayehesabu kwa vidole naye anahitaji mtu wa kumketisha na kumpigia hesabu sawasawa. Katika viwango vya kidato cha nne, A huanzia alama 75, B 65, C 45 na D 30. Aliyekosa alama ishirini nzima bado ana nafasi ya A. Tena daraja la jumla hupangwa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Kama amefanya tisa na Biolojia ikamgomea, haiyavuti mengine kwenda chini. Simdanganyi kwamba somo hili halina uzito, hasa kama anatamani koti jeupe. Namwambia tu kwamba maswali matatu aliyoyakosa si maisha yake.

Waliofanya mtihani wa 2012 wanaweza kusimulia zaidi. Matokeo yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa na daraja sifuri. Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, akaunda tume, na mwezi Mei matokeo yakapangwa upya yakatangazwa tena. Sitaki mtoto yeyote akae akingoja muujiza wa namna hiyo. Ila tukumbuke kwamba hakuna aliye kivulini pale, hata yule anayeongoza darasa tangu kidato cha kwanza, mwenye mamlaka ya kutangaza matokeo. Hutangazwa na Baraza, na aghalabu ni Januari.

Nyumbani ndiko mambo huharibika kwa nia njema. "Pepa vipi, mwanangu?" "Kawaida." Mzazi anayemjua mtoto wake angeiacha "kawaida" hiyo ilale mpaka kesho. Wengi wetu hatuiachi. Tunachimba, kisha tunataja ada, kisha tunamtaja mtoto wa jirani aliyepata daraja la kwanza akasomea udaktari. Baba mmoja anaweza kufanya yote hayo kabla ugali haujaiva. Naomba, kwa majuma hayo machache ya mtihani, jina la mtoto wa jirani lipumzike. Na binti apumzishwe zamu ya maji na ya jikoni. Kaka yake akitoka kwenye Biolojia hujilaza kitandani. Yeye hupewa ndoo. Hilo nalisema kwa hasira kidogo, maana ni binti huyohuyo tutakayemuuliza Januari kwa nini alama zake ni ndogo.

Kwa wenye simu pia nina ombi. Pepa likiisha tu, makundi ya WhatsApp hujaa karatasi zinazoitwa "majibu sahihi ya Biolojia", zimeandikwa kwa mwandiko mzuri na hazina jina la mtu. Mwongozo wa kusahihishia hauko mtaani. Anayekutumia karatasi hiyo hajui zaidi yako, na anayekuuzia ni tapeli. Usiisambaze. Wewe uliye chuo kikuu, uliyerudi nyumbani kwa sababu yoyote ile, wadogo zako wa kidato cha nne wangefaidika zaidi ukienda mwenyewe kwenye baraza la nyumba yao na kitabu chako cha zamani.

Wapo pia watakaobeba woga huu kupita kiasi: anayeacha kula, anayesema haoni sababu ya kuendelea, anayezima simu na kutoweka mchana kutwa. Huyo hahitaji kuelezwa vinasaba. Akae na mtu usiku huo, asiachwe peke yake, na namba 116, simu ya mtoto, hupigwa bure kutoka popote nchini. Iandikwe ubaoni kila shule, siku ya kwanza ya mtihani, kwa chaki kubwa.

Kwa walimu wa Biolojia ombi langu ni jepesi kutamka na gumu kidogo kutenda. Mnajua kwamba Baraza la Mitihani hutoa kwa kila somo ripoti ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Hueleza swali kwa swali wapi watoto walifanya vizuri na wapi walianguka, ikiwa na picha za majibu yaliyoandikwa kwa mikono yao, mazuri na mabovu. Iko kwenye tovuti ya Baraza, bure kabisa. Badala ya kuwafukuza kivulini, mwiteni kila mmoja ndani, mfungue ripoti ya mwaka uliopita, wacheke kidogo wakiona kwamba kuna mtu mwingine aliyemwita popo ndege. Dakika thelathini, kisha mlango ufungwe na kila mtu ashike somo linalofuata. Shule isiyo na mashine ya kuchapa ipate msaada wa mzazi mwenye duka la steshenari. Kurasa zinazohitajika si nyingi. Naye mtendaji wa kata, ambaye hujua kila harusi na kila msiba wa kata yake, aitie ratiba ya kidato cha nne kwenye daftari lake, amtafute muuguzi, bwana shamba na mwanafunzi mmoja wa chuo, na kuwaomba kila mmoja siku moja. Biolojia ya mwaka huu ikikaribia, wawe wameshajua ni saa ngapi wanatakiwa wawe pale kivulini.