Mfungwa Naye Apewe Karatasi

Lipo neno linalonichoma kila nilisikiapo. Ukisema tu kwamba wafungwa wapelekewe madaftari, rangi za kuchorea au ngoma, hakosi mtu wa kudakia: "Kwani walikwenda kunyea debe au kustarehe?" Kisha hucheka, kana kwamba yeye amezaliwa na hati ya kutofungwa. Hujafa hujaumbika, bwana! Na hao mahabusu wanaongoja kesi zao, ambao hakuna hakimu aliyewatia hatiani, nao walikwenda kustarehe?

Tuukumbuke mwaka 2020. Korona ilipobisha hodi Kenya mwezi Machi, ziara za jamaa magerezani zilisimamishwa. Uingereza nako vivyo hivyo, na wafungwa wengi huko wakawa wanafungiwa vyumbani saa 23 kwa siku. Hatua yenyewe siigombi. Maradhi yanayopita kwa pumzi hayaachwi yaingie mahali watu wanapolala ubavu kwa ubavu. Ninachogomba ni kwamba tulifunga lango, tukaenda zetu. Mama hakuruhusiwa kuja, wala mke, wala mtoto. Mfungwa akabaki na ukuta, akijiuliza kama wazee wake huko nje wangali hai. Tulihangaikia sabuni na barakoa, na tulifanya vyema. Je, moyo wake tuliupelekea nini? Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Wala hili si jambo la hisani. Tarehe 17 Desemba 2015 Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni za kuwatendea wafungwa, zikapewa jina la Mandela. Kanuni ya 105 yataka kila gereza liwe na burudani na shughuli za utamaduni kwa ajili ya afya ya mwili na ya akili ya wafungwa. Mwaka 2019, kabla dunia haijalijua jina la korona, ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya, ikaonyesha jinsi kuimba, kuchora na kuandika kunavyosaidia kuzuia maradhi na kuyatuliza. Lakini sisi watu wa dini tulihitaji ripoti? Nabii Yusuf kipaji chake hakikufa gerezani. Aliwafasiria wenzake ndoto. Paulo na Sila waliimba usiku wa manane, miguu imebanwa kwenye mkatale, na wafungwa wengine wakawasikiliza.

Na hapa kwetu Afrika Mashariki je? Mwaka 1969 kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, alifungwa miaka mitatu kwa sababu ya waraka aliouita *Kenya: Twendapi?* Sehemu kubwa ya kifungo hicho alitengwa peke yake. Karatasi hakupewa, akaandika tenzi na mashairi kwenye karatasi za chooni. Mwaka 1973 yakatoka kitabuni, *Sauti ya Dhiki*, na mwaka uliofuata kikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta. Ngũgĩ wa Thiong'o naye, alipokuwa kizuizini katika gereza la Kamiti mwaka 1978, aliandika riwaya kwenye karatasi za aina hiyo hiyo. Leo nani kati yetu wapenzi wa Kiswahili hajivunii *Sauti ya Dhiki*? Tunaisoma, tunaighani, tunawatungia wanafunzi maswali ya mtihani juu yake. Kisha mfungwa wa leo akiomba daftari, tunamwambia anadeka!

Nawajua wasomaji wangu. Ni watu wa huruma, wepesi wa kuchangia msiba na harusi hata ya jirani wa mbali. Ndiyo maana nashindwa kuuelewa ugumu huu. Na niseme jingine, maana siwezi kulimeza: tunafurika kwenye banda la Magereza kwenye maonyesho ya Sabasaba, tunapapasa makochi na vitanda, tunasifu mikono iliyovichonga. Siku mwenye mikono hiyo akitoka, akaja kuomba kibarua cha useremala mtaani kwetu, tunaficha simu na kuwaita watoto ndani. Kitanda chake tunakilalia, yeye hatumtaki hata barazani. Haya ni mambo ya kuona haya.

Wako watakaosema sanaa ni mkusanyiko, na mkusanyiko hueneza maradhi. Hasha! Shairi hutungwa na mtu mmoja kaketi pembeni. Kofia hushonwa kimya kimya. Redio moja yatosha kusomewa tenzi na hadithi, na malenga wetu, ambao wakati wa kampeni hawakosi sauti, wangeweza kurekodi beti na kuzipeleka langoni bila kumgusa mtu. Wafungwa wakajibu kwa maandishi, tukajibizana kama wazee walivyojibizana magazetini.

Nanyi wakuu wa magereza, kazi yenu ni nzito na mishahara ya askari wenu si minono, hilo twalijua. Mnahofia usalama. Lakini mfungwa huyo huyo mnamkabidhi jembe na panga asubuhi aende shamba, na jioni mnavihesabu. Basi mpeni na penseli, na jioni zihesabuni pamoja na majembe. Fanyeni hivyo sasa, lango lingali wazi, kabla maradhi mengine hayajabisha hodi.