Filta mpya, tenki chafu

Kimya kingi, si mnajua tena, asainimenti zimebana. Leo nawachokoza nyie mnaosema gari likila mafuta machafu dawa yake ni filta mpya. Mimi nakataa.

Baba mdogo ana Hiace ya dizeli, anabeba abiria kutoka Miono kwenda Chalinze. Wakati wa masika aliweka dizeli ya dumu kwa muuzaji mmoja wa kando ya barabara. Gari likaanza kukohoa, likazima. Fundi akaweka filta mpya, likawaka. Siku mbili tu, likazima tena porini na abiria ndani, akiwemo mama aliyekuwa anampeleka mtoto hospitali. Filta ya pili, ya tatu... hela ya filta na nauli za kurudisha ikapita hela ya kushusha tenki! Na fundi wimbo ni ule ule: "Mzee, tenki kazi kubwa, tujaribu kwanza hivi." Tujaribu kwa hela ya nani jamani?

Siku liliposhushwa, chini kulikuwa na maji, kutu na mchanga. Maji ni mazito kuliko dizeli, yanakaa chini, na bomba la kunyonya liko huko huko chini. Halafu pampu ya hizi Hiace za zamani inalainishwa na dizeli yenyewe. Ikipitisha maji inasagika, na nozeli zinaifuata. Hapo sasa hata ada ya mtu inaweza kwenda.

Kwa hiyo ni kumwaga yote, kuosha tenki kwa dizeli safi (siyo maji na sabuni, mwe!), kufungua mabomba ncha zote na kuyapuliza, ndipo filta mpya ifungwe, hewa itolewe, gari liwashwe. Na yale mafuta machafu msimwage karibu na kisima.

Kuna watakaosema mbona serikali ilishamaliza uchakachuaji. Kweli, EWURA walianza kuweka vinasaba kwenye mafuta Septemba 2010, na bajeti ya 2011/12 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi 400.30 kwa lita, ili kuyachanganya na dizeli kusilipe. Safi sana. Lakini vinasaba viliwekwa kukamata wachanganyaji na wakwepa kodi, siyo maji ya mvua yaliyoingia kwenye dumu lisilo na kifuniko. Huku kwetu dumu ndiyo sheli. Basi muuzaji akubali mteja amimine kidogo kwenye chupa nyeupe, yatulie, aone chini kuna nini. Akikataa, si jibu hilo? Yule wa baba mdogo hakulipa hata mia.

Wale wa uhandisi mnaobisha, jioni niko kafeteria. Chai juu yenu.