Lubumbashi: kabla ya zoo na uwanja wa Mazembe, mgeni apate kwanza nyumba

Tangu Goma iingie mikononi mwa M23 mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, familia nyingi za Kivu zimetafuta mahali pa kuanza upya maisha. Wengine wamevuka mipaka, wengine wako Kinshasa, na wengine wameshuka hadi Lubumbashi: kwa ndege mpaka Luano, ao kwa kuzunguka Tanzania na Zambia hadi Kasumbalesa. Wanawakuta huko wageni wengine: wanafunzi wa chuo kikuu, wafanyabiashara, vijana wa Kasaï na Tanganyika wanaotafuta kazi kwenye migodi. Wote wanauliza swali moja: huu mji uko na nini?

Jibu la wenyeji linajulikana. Watakuonyesha bomba refu la moshi la Gécamines na kile kilima cheusi cha mabaki ya shaba kando yake, ndiyo picha ya mji. Watakupeleka zoo, mahali ambapo familia zinapumzika chini ya miti siku ya mungu. Watakuambia usikose makumbusho ya taifa, mtoto aone misalaba midogo ya shaba ambayo babu zetu walitumia kama pesa, zamani sana kabla ya franka. Na siku ya mechi watakuita Kamalondo, nyumbani kwa TP Mazembe, timu iliyozaliwa 1939, ikabeba kombe la mabingwa wa Afrika mara tano, na 2010 ikafika fainali ya kombe la dunia la klabu. Ukitaka ugomvi mtamu, sema kwamba wewe ni wa Lupopo.

Haya yote ni ya kweli, na ni mazuri. Mwezi wa tisa na wa kumi, wakati jakaranda zinachanua, mji huu unapendeza kweli. Tena kwa mtu wa Kivu kuna zawadi moja kubwa kuliko zote: hapa Kiswahili kinasemwa sokoni, kanisani na ndani ya basi. Watakucheka kidogo kwa namna unavyosema, lakini watakusikia. Kinshasa mtu wa Bukavu anaanza kwa kujifunza Lingala. Lubumbashi anaanza kwa kusalimia.

Lakini mgeni haishi kwa kutembelea zoo. Maoni yangu ni haya: mlango wa kwanza wa mji ni nyumba, na mlango huo Lubumbashi inauacha mikononi mwa watu wanaouza ufunguo kwa bei wanayotaka.

Tuchukue mfano. Nyumba ya vyumba viwili inapangishwa dola 100 kwa mwezi. Mwenye nyumba anaomba garanti ya miezi sita: dola 600. Komisionere aliyekuonyesha nyumba anataka mwezi wake mmoja: 100. Hata kabla ya kununua godoro, umetoa dola 700. Familia iliyofika na mabegi mawili na simu moja itazitoa wapi? Wanaishia kulala watu kumi sebuleni kwa shangazi. Ao wanasukumwa mbali, kwenye vipande vya komini ya Annexe ambako hakuna lami wala bomba la maji, na ambako motari anakula nusu ya pesa uliyotafuta siku nzima mjini.

Wengi hawajui kwamba sheria imekwisha kusema juu ya jambo hili. Sheria ya tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2015 juu ya upangaji wa nyumba inaweka mpaka: kwa nyumba ya kuishi, garanti isipite miezi mitatu. Inataka pia mkataba uandikwe, na ugomvi kati ya mpangaji na mwenye nyumba upitie kwanza kwenye ofisi ya Habitat ya komini kabla ya kufika tribunali. Sheria hiyo inafanya kazi Lubumbashi sawa na Kinshasa. Ila mgeni hajui ofisi hiyo iko wapi, na komisionere hana haraka ya kumuonyesha.

Najua wenye nyumba watasema nini. Watasema: wapangaji wanakaa miezi minne bila kulipa, wanaacha deni la umeme, wanaondoka usiku. Ni kweli, wapo wa namna hiyo, na mama mjane anayeishi kwa kodi ya nyumba mbili hawezi kubeba hasara yao. Lakini miezi mitatu imewekwa kwa ajili ya hasara hiyo. Anayeomba sita ao zaidi hajilindi tena. Anachagua wapangaji kwa unene wa mfuko. Na mkataba uliosajiliwa Habitat unamlinda yeye pia, sababu mbele ya tribunali ataonyesha karatasi, si maneno.

Wenyeji nao wananung'unika kwamba wageni wanapandisha bei. Tuangalie vizuri ni nani anayepandisha. Mgeni hana nguvu ya kupanga bei, analipa anachoambiwa. Bei inapanda pale ambapo hakuna anayesimamia mpaka uliowekwa na sheria, na ikipanda kwa mtu wa Uvira leo, kesho inapanda kwa kijana wa Katuba anayetaka kuoa na kutoka kwa wazazi wake. Kumtetea mgeni hapa ni kumtetea mtoto wa mwenyeji.

Baada ya nyumba ni maji. Mtu aliyetoka kando ya ziwa Kivu anaweza kusahau kuuliza. Ndugu msomaji, kama unatafuta nyumba Lubumbashi, usiangalie kigae na rangi ya ukuta tu. Uliza majirani, si komisionere: maji ya REGIDESO yanafika hapa, na saa ngapi? Kama ni kisima, kiko hatua ngapi kutoka choo? Kinakauka mwishoni mwa kiangazi, mwezi wa tisa na wa kumi? Kipindupindu si jambo geni katika jimbo hili, na kinaanzia kwenye kisima cha namna hiyo. Uliza pia juu ya umeme wa SNEL, unakatika mara ngapi kwa wiki, maana hapo ndipo utajua utanunua makala kiasi gani.

Kisha chakula. Kule Kivu mtu alizoea muhogo, ndizi, maharagwe ya shamba lake na sambaza. Hapa mezani ni bukari ya mahindi, na sehemu kubwa ya unga huo inatoka Zambia. Zambia ikifunga mpaka kwa unga, sahani ya Lubumbashi inaumia wiki hiyo hiyo. Mgeni ajue hilo mapema, apange pesa yake vizuri.

Na shule. Masomo ya msingi ni ya bure kwenye shule za serikali tangu mwaka wa shule ulioanza 2019, na Katiba inasema hivyo. Lakini mtoto aliyekimbia risasi hakubeba buletini. Mkurugenzi anayemrudisha nyumbani kwa sababu ya karatasi anamnyima haki mara ya pili, baada ya vita kumnyima mara ya kwanza. Mtoto huyo apimwe kwa jaribio fupi, awekwe darasa linalomfaa, karatasi zitafuata.

Kuna neno moja ambalo Lubumbashi inapaswa kulichunga: bakuyakuya, wale waliokuja tu. Linasemwa kwa kucheka, lakini si neno la kuchekesha. Miaka ya 1992 na 1993, mawazo ya namna hiyo yaliwatoa Wakasaï kwa maelfu kutoka Likasi, Kolwezi na miji mingine ya jimbo hili. Familia zililala kwenye vituo vya gari moshi wiki kwa wiki, na kuna waliokufa wakingoja treni. Watu hao wengi walizaliwa hapa, na baba zao waliletwa hapa na Union Minière kuchimba shaba.

Maana huo ndio ukweli wa mji huu. Lubumbashi ilianza 1910, mwaka reli ilipofika kutoka kusini, na mwaka uliofuata tanuru la shaba likawashwa. Mikono iliyolilisha ilitoka Kasaï, Maniema, Rwanda na Urundi, na nchi tunayoita leo Zambia. Kiswahili chenyewe kilikuja hapa pamoja na watu, kikakomaa ndani ya kambi za wafanyakazi. Ukiwaondoa waliokuja, hutabaki na Lubumbashi; utabaki na shaba ndani ya ardhi na hakuna wa kuichimba.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kupona huko kunaonekana. Mama wa Bukavu anafungua meza sokoni, mwalimu wa Goma anajaza nafasi kwenye shule ya Rwashi, fundi wa Butembo anachukua vijana wawili kujifunza kazi. Lakini hakuna anayefungua meza akiwa analala sebuleni kwa watu.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu kwa meya na wakuu wa komini, na hakuna hata moja linalongoja mfadhili. Kwanza, ubao mbele ya kila ofisi ya komini na ya kata, kwa Kiswahili: garanti ni miezi mitatu, mkataba ni wa kuandikwa, ofisi ya Habitat iko hapa. Pili, makomisionere waandikishwe, kila mmoja awe na jina na namba, ili anayekula pesa za watu wawili kwa nyumba moja apatikane. Tatu, mtu mmoja katika kila komini awe na kazi ya kumpokea mgeni: kumwambia shule iliyo karibu iko wapi, kituo cha afya kiko wapi, na bomba la maji salama liko wapi.

Mgeni akiisha kupata nyumba yenye mkataba, maji safi na nafasi ya mtoto shuleni, hamtakuwa na haja ya kumuonyesha njia ya zoo. Ataitafuta mwenyewe siku ya mungu, na jioni yake atakuwa Kamalondo akipiga kelele kama mwenyeji.