MTARO USIFUKIWE KABLA YA KUPIMWA

Ndugu, huko Kyela mito Songwe, Kiwira na Mbaka humwaga maji Ziwa Nyasa usiku na mchana. Walakini nyumba yaweza kukosa maji kwa kiungo kimoja kilichofungwa kwa pupa. Bomba la plastiki hutaka likatwe sawasawa, ncha ichongwe, ipanguswe, itiwe alama ya kina, isukumwe mpaka ipite mpira, ndipo nati ikazwe. Fundi akiruka hatua moja, kiungo huvuja. Na nguvu ya maji ipunguapo, penye kuvuja hunyonya uchafu, na uchafu huleta kipindupindu. Basi twasema: mtaro usifukiwe mpaka maji yafunguliwe, na wanakijiji washuhudie kila kiungo ni kikavu. Haki hiyo twawadaia wao, na twaidai hapa visiwani.