Vepu Inanuka Kuungua, Fundi Anasema "Pandisha Wati"! Hapo Ndipo Lilipoanza Balaa la Dada wa Singeli

Kuna watu Mbagala na Mwananyamala hawasalimiani sasa hivi kwa sababu ya kipande cha pamba. Pamba kweli, si fumbo.

Dada mmoja anayeghani singeli, jina lake linaanza kupanda upande wa Temeke na kila kigodoro cha maana wanamtaka, alimwanika fundi wake wa vepu kwenye status. Madai: kauziwa koili feki, kachomwa koo siku mbili kabla ya shoo. Fundi mwenyewe, kijana wa Kinondoni anayesifika kwa kufunga koili kwa mkono, hakulala. Akajibu kwamba dada hajui kuvuta, anavuta kama mtu anayepuliza jiko la mkaa. Basi bhana, mji ukagawanyika. Wa Temeke wakasema fundi tapeli, wa Kinondoni wakasema dada anatafuta kiki kabla ya shoo.

Kelele zote hizo zimefunika sentensi mbili ndogo zilizosemwa kabla ya ugomvi, na hizo ndizo zenye stori yote. Dada alimwambia fundi, "Kaka, hii kitu inanuka kama mpini wa sufuria umeungua." Fundi akajibu, "Sista, pamba mpya huwa hivyo, pandisha wati kidogo itakaa sawa." Akapandisha. Ikawa mbaya zaidi. Akaendelea kuvuta hivyohivyo kwa siku mbili.

Jibu hilo la fundi halikutoka kwenye roho mbaya. Vijiwe vingi Dar vinalitoa kila siku: ladha ikizingua, ongeza moto. Na ni kinyume kabisa cha kinachotakiwa.

Bibi yeyote wa Tandika aliyewahi kupikia jiko la mafuta ya taa angelijua hilo bila kusoma popote. Mafuta yakiisha kwenye jiko, utambi hauzimiki kwa heshima. Unaanza kujila wenyewe, unatoa moshi mchungu, na chakula kinanuka mpaka kwa jirani. Hakuna bibi aliyewahi kusema "pandisha utambi itakaa sawa". Anazima, anaongeza mafuta, na utambi ulioungua anaukata. Kibatari nacho ni hivyohivyo. Vepu, kwa majina yake yote ya kizungu na taa zake za rangi, ni kibatari kilichochajiwa kwa umeme. Kuna waya unaopata moto, ndiyo koili. Kuna pamba iliyopita katikati yake, ndiyo utambi. Na kuna juisi inayopanda kwenye pamba kutoka kwenye tangi.

Juisi inapogeuka mvuke inaondoka na joto, kwa hiyo pamba ikiwa imelowa vizuri haiungui hata waya ukiwa wa moto. Ikikauka, hakuna tena cha kuondoa joto, na pamba inaanza kubabuka. Sasa mtu anapopandisha wati, juisi inakauka haraka kuliko inavyopanda. Yaani utambi una kiu, halafu unaongezewa jua.

Vepu ya yule dada ilifunguliwa kijiweni mbele ya watu, na waliokuwepo wanasimulia kitu kimoja: pamba ya katikati ya koili nyeusi tii, lakini zile ncha mbili za pembeni nyeupe, ngumu, zimeshindiliwa kwenye matundu ya juisi kama kizibo cha chupa. Juisi ilikuwa imejaa kwenye tangi, ila haikuwa na njia. Ndiyo maana dada aliona tangi limejaa akadhani shida iko kwenye ladha ya embe aliyonunua, akabadilisha embe kwa mnanaa. Hela nyingine imekwenda.

Kwa nini fundi alishindilia? Hapa anastahili kuonewa huruma kidogo. Joto la Dar linafanya juisi iwe nyepesi, na vepu ikishindwa kuizuia inavuja mfukoni, inachafua suruali, mteja anarudi na matusi. Fundi akishatukanwa mara tatu kwa kuvuja, anajifunza kukaza pamba. Anaponya kuvuja, anazaa kuungua. Na video anazojifunzia zimerekodiwa na watu wa nchi za baridi, wenye pakiti ya pamba maalumu mezani, wala hawana mteja amesimama mlangoni anasema "fanya chapu, daladala inaondoka".

Haraka hiyo nayo ni sababu peke yake. Pamba mpya inatakiwa idondoshewe juisi moja kwa moja, halafu vepu iachwe ikae dakika tano mpaka kumi kabla ya kubonyezwa. Juisi nzito, ile yenye gliserini nyingi inayotoa mawingu makubwa ya kupigia picha, inataka muda zaidi kwa sababu inapanda polepole. Mafundi wangapi wa Kinondoni wanamwambia mteja asubiri dakika kumi? Na wateja wangapi wangekubali? Wote wawili wanataka kuona moshi hapohapo, uwe ushahidi kwamba kazi imefanyika. Pumzi ya kwanza ikipita kwenye pamba kavu, kazi imeharibika palepale. Pamba ikishaungua haitengenezeki. Haioshwi, haifichwi kwa juisi tamu. Inatupwa.

Tena kuna pamba na pamba. Ya duka la dawa inafaa, hasa ikichemshwa kwenye maji safi na kuanikwa ikauke kabisa. Ya mto ni hatari, maana mito mingi ya siku hizi haina pamba ndani yake, ina poliesta, na poliesta ikipata moto inayeyuka. Anayeivuta anavuta plastiki. Halafu kuna wajanja wanaosema sufi ni asili kwa hiyo ni salama. Sufi ina nta juu ya nyuzi zake na inakataa maji, ndiyo maana zamani ilijazwa kwenye maboya ya kujiokolea baharini. Utambi unaokataa kulowa ni utambi gani? Fundi akiulizwa katumia pamba gani akajibu "pamba ya kawaida tu", hapo pana kazi.

Kipimo chenyewe ni cha mkono: pamba inapopitishwa kwenye koili ikwame kidogo lakini isiburute waya. Ikipita kama uzi kwenye kitundu cha bomba, ni chache, itaacha waya mtupu. Ikibidi kuvutwa kwa koleo, imezidi. Ncha zake zichambuliwe zilegee, ziguse juisi bila kuziba mlango wake.

Waya nao una mambo. Wanaojua wanatumia kanthal au nikromu. Wasiojua wanatumia chochote kinachowaka, na hapa mambo hayachekeshi tena, kwa sababu waya uliopakwa zinki ukipata moto mkali unatoa moshi unaoleta homa. Wachomeleaji wanaifahamu ile homa ya kutetemeka usiku baada ya kushinda wanachomelea bomba lenye zinki. Wao angalau wanaivuta kwa bahati mbaya, tena nje penye upepo. Na fundi anayefunga omu 0.2 ili mawingu yawe makubwa, halafu anaweka betri iliyotolewa kwenye laptop mbovu, anaomba betri hiyo itoe ampia 21 ikiwa imejaa kwa volti 4.2. Betri nyingi za laptop hazikutengenezwa kwa mzigo huo. Zikichoka zinaweza kulipuka.

Kuna na koili ambayo ni nzima, pamba ni mpya, na bado inanuka. Hiyo mara nyingi ni sukari, au tuseme utamu: juisi tamu sana huacha ukoko mweusi juu ya waya, na kila pumzi inaunguza ukoko huo upya. Kubadilisha pamba bila kusafisha waya ni kupika wali mpya juu ya ukoko wa jana. Waya wa kanthal unaweza kuwashwa mtupu, bila pamba, mpaka uwe mwekundu kuanzia katikati kwenda pembeni, na ukoko ukadondoka. Usipowaka sawasawa, ukawa mwekundu upande mmoja tu, napo pana sababu nyingine ya kuungua, unarekebishwa kabla ya pamba kuingia. Waya wa titani au wa nikeli mtupu usiwashwe hivyo hata siku moja.

Turudi kwa dada na siku zake mbili.

Mwaka 2015 watafiti wa Portland State University, Marekani, waliandika kwenye New England Journal of Medicine kwamba vepu waliyoipima kwa volti 3.3 haikuonyesha fomaldehaidi iliyojificha kwenye mvuke, lakini kwa volti 5 ilionyesha, tena nyingi. Fomaldehaidi ndiyo inayotengeneza fomalini, dawa ya mochwari. Watetezi wa vepu wakaja juu. Mwaka huohuo watafiti wengine, akiwemo Konstantinos Farsalinos wa Ugiriki, wakaandika kwenye jarida la Addiction kwamba kemikali hizo zinapanda sana pale tu pamba inapokauka, na kwamba wavutaji wazoefu huitambua ladha hiyo mara moja na kuikwepa. Kwa maneno ya kijiweni: hakuna mtu atakayevuta kitu kinachonuka kuungua, ladha yenyewe itamfukuza.

Hoja nzuri, na vijana wengi wa Dar wanaotetea vepu wanaitumia bila kujua ilikotoka. Ila inategemea jambo moja: mvutaji aiamini pua yake. Dada wa singeli aliitambua ladha hiyo tangu pumzi ya kwanza. Alisema kwa mdomo wake, tena kwa maneno mazuri kuliko ya watafiti, mpini wa sufuria umeungua. Akaambiwa na mtaalamu wake kwamba itakaa sawa. Ladha ilifanya kazi yake yote, mtu ndiye aliyeizima.

Na alikuwa na sababu za kuamini. Hela alishalipa, na mtu mwenye bajeti ya kubana hatupi kitu cha siku moja. Washkaji walikuwa wanamcheka kwamba anakohoa kama mgeni. Nikotini nayo haisubiri koili nzuri, mwili ukiitaka unaitaka hata ikipita kwenye pamba iliyoungua. Kwa hiyo ile kinga ambayo wazungu wanaitegemea kwenye majarida yao, Mbagala iliyeyuka kwa siku mbili tu, kwa neno la fundi na vicheko vya marafiki.

Kwa mtu mwingine ingekuwa kero. Kwa mtu wa singeli, pumzi ndiyo mtaji. Mapigo yanapita 200 kwa dakika, maneno yanamwagika bila kituo, na pa kuvutia hewa ni padogo kuliko tundu la sindano. Waliokuwepo kwenye kigodoro wanasema aliingia vizuri, akaenda dakika chache, sauti ikaanza kukwaruza, akampa maiki mwenzake akashuka kama mtu anayekwenda kunywa maji. Hakurudi. Labda ni vepu, labda ni vumbi na mikesha mitatu mfululizo, nani atathibitisha? Lakini msanii anayejua shoo iko Jumamosi hakuwa na haja ya kufanya majaribio ya koo Alhamisi.

Wapo wanaosema angeacha tu vepu yote yakaisha. Kweli, na ambaye hajaanza hana sababu ya kuanza kwa ajili ya moshi wa embe. Lakini kumwambia hivyo mtu mwenye nikotini mwilini na shoo wiki hii ni rahisi kwa asiyevuta. Shisha ilipigwa marufuku mwaka 2016 na kiu ya moshi mtamu haikuondoka nayo. Tena wavutaji wa shisha walikuwa na akili moja ambayo wa vepu wameipoteza: tumbaku ikianza kuungua kileleni, mtu wa kwanza kuonja alipiga kelele, mkaa ukaondolewa, hakuna aliyesema ongeza mkaa.

Lawama, basi, zigawanywe kwa haki. Koili haikuwa feki. Iliyokuwa mbovu ni kazi ya pamba, na hiyo ni ya fundi. Uvutaji wa dada hauna kosa, maana pamba iliyozibwa itaungua hata akivuta kama mtoto mchanga. Na ile sentensi ya "pandisha wati" ni kosa kubwa kuliko pamba yenyewe, kwa sababu pamba mbaya ingegundulika siku ileile kama angesema tu, "Sista, usivute tena, niletee niifungue." Siku ya pili ya kuvuta ni ya dada mwenyewe, haikwepeki. Na wa kiki, wanaosema alipanga yote, wajaribu kwanza kuunguza koo lao kwa ajili ya kiki waone inalipa kiasi gani.

Mpaka sasa hela haijarudi. Fundi amesema atamfungia koili nyingine bure, yaishe. Dada amejibu kwamba aje tu, ila aje na pamba ikiwa bado kwenye pakiti yake, na asimwambie habari za wati.